Mnara Nyuma ya Bafu

Jumatatu asubuhi Mama Chokaa alitoka na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akakuta mnara wa kasri umesimama nyuma ya bafu, palepale alipozoea kumwaga. Aliutazama kutoka chini hadi juu. Ulikuwa ule mnara wa upande wa machweo, wenye dirisha lililopasuka kioo, na njiwa wake wote walikuwa wamekuja nao. Akauzunguka, akamwaga maji kwenye shimo la takataka, akarudi ndani.

"Wifi," alisema, "kamba ya nguo itabidi tuihamishe. Mnara umekuja."

Wifi yake alikuwa akichana nywele. "Upi?"

"Ule wa machweo."

"Huo tangu zamani una kiherehere," alisema wifi, akaendelea kuchana.

Hadi mwaka uliopita, wanawake hawa wawili na majirani wao wote walikuwa wakiishi kule mlimani, chini ya kasri lenyewe, katika mtaa wa wapaka chokaa. Nyumba zao ziliegemea ukuta wa kasri, au ukuta wa kasri uliegemea nyumba zao. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kila mwaka kabla ya mvua wanawake wa mtaa ule walizima chokaa kwa maji kwenye mapipa, wakatia chumvi ili ishike, wakajipaka mafuta mikononi isiwaunguze, wakapanda ngazi. Watu walitoka nchi za mbali kuja kuona weupe ule. Walikwisha kuona majumba ya wafalme yenye maziwa mbele na dhahabu darini, lakini jeupe namna hii, walisema, hawajaliona. Kisha walitazama picha walizopiga, na katika kila picha palikuwa na shuka la mtu limeanikwa.

Ndipo likaja neno mandhari. Afisa wa mambo ya kale, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, aliitisha mkutano akaeleza kwamba kasri linahitaji mandhari safi. Mtaa ukavunjwa. Watu walipewa viwanja bondeni, ng'ambo ya machimbo ya mawe, wakaahidiwa bomba la maji. Bomba lilikuwa bado liko njiani. Mama Chokaa alijenga upya, tofali juu ya tofali, na kiuno chake kikimuuma, na siku alipoezeka bati la mwisho alipiga magoti sakafuni akamwomba Mungu kwamba hii iwe nyumba yake ya mwisho, asihamishwe tena ila kwa jeneza. Hakuongeza ombi lingine, ingawa alikuwa nayo mengi.

Jumatatu ileile mnara ulipokuja, Afisa alifika na kreni.

"Mama, huu mnara ni mali ya serikali."

"Chukua, mwanangu. Mimi umenizibia hata pa kupita."

Kreni iliubeba mnara ikaurudisha mlimani. Asubuhi ya pili yake ulikuwa umerudi nyuma ya bafu, na safari hii umekuja na lango kuu na ngazi za marumaru. Dereva wa kreni alizima injini, akashuka, akawasha sigara.

"Bosi," alisema, "huu si mzigo. Unajua njia kunishinda mimi."

Afisa akawageukia wanawake. "Mmelifanyia nini kasri?"

"Sisi?" alisema wifi. "Sisi tumehama tu, kama ulivyotuambia. Ungeliambia na lenyewe libaki."

"Turudisheni kwetu," alisema Mama Chokaa. "Tukirudi, litarudi."

"Haiwezekani, mama. Mandhari."

Kufikia Jumapili kasri lote lilikuwa limeshuka. Ukumbi wa kiti cha enzi ulikaa karibu na kisima. Jiko la mfalme lilijibana kati ya fundi viatu na duka la mafuta ya taa. Gereza la chini lilifika mwisho, kwa kuwa ilibidi lijichimbie. Watu waliotoka ibadani walilizunguka kasri, wakalisalimia, wakaenda kupika. Kule mlimani, baada ya mtaa kuvunjwa, kampuni fulani ilikuwa imelipulizia rangi ya mashine, na rangi hiyo ilibambuka njiani ikawa inaning'inia kutani vipande vipande. Mama Chokaa alipitisha kiganja juu yake.

"Wamekuvisha nini hiki?" alisema, akaenda kutafuta pipa.

Mlimani nyasi ziliendelea kukatwa, taa ziliendelea kuwashwa, na kibanda cha tiketi kiliendelea kufunguliwa. Wageni walipelekwa hadi kwenye uzio wakaonyeshwa. Mandhari yalikuwa safi kabisa. Waliokuwa na haraka walipiga picha wakaondoka. Waliobaki waliuliza weupe uko wapi, wakaelekezwa bondeni, wakaja, wakapiga picha, na katika kila picha palikuwa na shuka.

Afisa alirudi na kopo la rangi nyekundu. Nyuma yake, kwenye machimbo, tingatinga lilikuwa limeegeshwa. Utaratibu ulisema nyumba isiyo na alama haivunjwi, kwa hiyo alichora mkasi mkubwa, ile alama ya X, kwenye mlango wa Mama Chokaa, taratibu, bila kumwagia kizingiti.

"Nyumba yako iko mbele ya kasri, mama."

"Kasri ndilo liko nyuma ya nyumba yangu. Nani katangulia hapa?"

Afisa alitazama viatu vyake. "Mimi natumwa tu."

"Basi mwambie aliyekutuma: mimi hapa nimefika. Akinitaka nitoke, alete jeneza."

"Na liwe refu," alisema wifi kutoka dirishani. "Huyu ana miguu, msije mkamkunja."

Mama Chokaa akavuta pipa hadi mlangoni. Aliinamisha kichwa akaomba kama alivyoomba kila mara kabla ya kuchovya brashi, mkono usitetemeke na ukuta ukae. Kisha akapaka chokaa juu ya alama ikiwa bado mbichi. Mkasi ukawa wa waridi. Akapaka tena, ukatoweka. Afisa akachovya akachora mwingine. Mama akapaka. Waliendelea hivyo, kila mmoja akimpisha mwenzake, hadi kopo likaisha. Pipa lilikuwa bado nusu. Mama Chokaa alilisogeza nyuma ya bafu, akaweka ngazi, akaanza mnara.

Amri haijafutwa. Bomba halijafika. Tingatinga limeota majani kwenye minyororo, lakini dereva wake huja kila Jumatatu kuliwasha, asije akaambiwa hakuwa tayari. Nyumba nyingine zimetiwa alama, na wenyewe huja kwa Mama Chokaa na ndoo zao. Mlango wake umepata ngozi nene kiasi kwamba haufungiki mpaka ausukume kwa bega.

"Unanenepa kuliko wewe," wifi humwambia.

Jumatatu hii amekaa kizingitini, mafuta yameshakolea mikononi, brashi iko ndani ya pipa. Nyuma yake kasri ni jeupe hadi pale ngazi inapofika, na shuka lake limeanikwa kwenye roshani ya mfalme. Afisa anakuja akipanda njia ya machimbo, na safari hii amebeba makopo mawili.

"Umechelewa," Mama Chokaa anamwambia. "Haya, anza. Chokaa yangu inakauka."