Mchanga Uliobaki

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Njombe iliamka na sakitu. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga, na ukungu ulikaa juu ya mabati ya jikoni, haupandi wala haushuki. Esnath alitoka amejifunika blanketi, akachuchumaa kibarazani mbele ya kopo la rangi lenye mti wa rosemari, akazamisha kidole kwenye udongo.

Ulikuwa umelowa tena.

Ndoo iliyokuwa pembeni ilikuwa na utando wa barafu, lakini maji ya kwenye kopo hayakuganda. Aliyaangalia majivu aliyoyamwaga jana jioni kulizunguka. Hayakuwa na alama ya mguu wa mtu, wala wa kuku. Akaingia ndani, akafungua kabati kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akakitoa kikombe cha bati cha marehemu mume wake. Ndani yake kulikuwa na maji kidogo, kana kwamba mtu amekitumia sasa hivi akasahau kukikung'uta.

"Bwana, wewe unajua," alisema.

Rosemari hiyo aliileta Elius mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la mbao, na siku moja alirudi kutoka Makambako na kijiti kilichofungwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Mpishi wa gesti alikuwa amempa. Esnath alikipanda, akakilea. Alijifunza kwamba mmea huo unapenda jua na udongo usioshika maji, kwamba kopo lazima litobolewe chini, kwamba vichwa vikikatwa matawi huongezeka. Elius alijua jambo moja tu. Kila alfajiri kabla ya safari alichota maji kwa kikombe chake, akamimina yote, akakifudikiza juu ya jiwe.

"Baba Rejoice, unaiua! Hii siyo mchicha."

"Mimi nimekunywa chai. Yenyewe ibaki na kiu?"

Homa ya mapafu ilimchukua mwezi wa Novemba. Mwezi wa tano ukoo ulikutana kwao Makambako, alikozikwa, kujengea kaburi kwa simenti, na kazi ilipokwisha mchanga ulibaki: mchanga wa mtoni, safi, wa chengachenga. Udongo wa Njombe ni mwekundu na hunata. Esnath alikuwa ameutafuta mchanga wa namna ile muda mrefu. Alijaza nusu mfuko, akarudi nao, akahamishia rosemari humo. Kwa ukoo wa Elius, kilichopelekwa kaburini hakirudi nyumbani mpaka wazee wakiombee. Esnath aliijua desturi hiyo kwa jembe na chepe. Mchanga hakuufikiria.

Tangu wiki ile udongo ulilowa kila asubuhi. Sasa majani ya chini yalikuwa ya njano, na shina lilianza kuwa jeusi pale lilipogusa mchanga. Wiki moja zaidi, kitu pekee chenye uhai ambacho Elius alikileta nyumbani kwa mkono wake kingeoza.

Jirani yake Stella alichungulia juu ya uzio, rozari mkononi. "Imelowa?"

"Imelowa."

"Wezi wa hapa wanachimba viazi. Wa kwako anamwagilia!" Stella alicheka, kisha akayaona majivu. Akaacha kucheka. "Mama Rejoice, huo mchanga uliutoa wapi?"

Esnath alimwambia.

"Ee Mama Maria. Vaa viatu. Tunakwenda wote."

Saa tano walikuwa Makambako. Esnath alikuwa amepakata kopo njia nzima, na harufu ya rosemari ilijaa ndani ya basi hata kondakta akauliza nani amebeba nyama choma. Kikombe kilikuwa kwenye mkoba, kimefungwa kwa kitambaa.

Mama mkwe wake, bibi Oktavia, alikuwa anaanika mahindi uani. Esnath alipiga goti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu." Kikongwe alilitazama kopo. Hakuuliza ni nini. "Ndiyo maana simwoti. Miezi miwili simwoti mwanangu. Kumbe yuko kwako, anamwagilia."

Esnath alilivuta kopo kifuani. Hakuwa amemweleza mtu wa nyumba hiyo habari za maji.

"Nisamehe, mama. Niliona mchanga tu."

"Tupa hilo kopo, shemeji," alisema Amon, mdogo wake Elius, aliyekuwa anatoka na chepe. "Litupe bondeni, yaishe."

"Nyamaza wewe!" bibi alimkemea. "Mti una kosa gani? Mchanga ndio wake. Mti ni wa mkewe."

Walikwenda wote wanne hadi nyuma ya shamba. Jua lilikuwa limetoka na simenti ya kaburi ilikuwa kavu, nyeupe. Esnath alitoa kisu. Alichagua vichwa vitatu vyenye afya, virefu kama kidole, akapukuta majani ya chini, akavichomeka viote upya kwenye mkebe wenye mchanga mpya ambao Stella alikuwa amemwomba fundi mmoja njiani. Amon alichimba miguuni mwa kaburi. Wakaushusha mti wa zamani na mchanga wake wote; Esnath alikung'uta kopo, akapangusa hata viganja vyake, punje isibaki.

Bibi Oktavia aliomba kwa Kibena, kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Sasa mwambie mwenyewe. Sisi tunasikia."

Esnath alikifungua kitambaa, akakifudikiza kikombe juu ya simenti. Taratibu, bila mtu kugusa kitu, duara la unyevu likatokea kukizunguka, likapanuka, likaufikia mti. Stella alishika rozari yake. Amon alirudi hatua moja. Bibi hakusogea.

"Baba Rejoice," Esnath alisema, na sauti yake haikukatika, "mchanga wako nimeurudisha, na kikombe nakuachia. Mti huu umwagilie utakavyo, sitakugombeza tena. Hivi vichwa vitatu nitavinywesha mimi, kila Jumamosi, mbele za Mungu na hawa wanaonisikia. Ukiona nimechelewa siku moja, usije. Nitakumbuka mwenyewe."