Viroba Mtoni

Tuliporudi kutoka kumzika Tito, sufuria ya ndiga ilikuwa bado juu ya mafiga, imefunikwa kwa sinia. Mama yake, Stellamaris, akaitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. Nikaibeba mimi. Nikaimwaga shimoni nyuma ya nyumba, nikafukia.

Ndiga ni viazi vya porini. Sisi wa Vihingo tunazikata nyembamba, tunazitia kwenye kiroba na kukizamisha siku kadhaa katika maji yanayokimbia, mpaka sumu itoke. Stellamaris alikuwa mtu wa bara. Mumewe alikuwa kibarua Kibaha, akija mara mojamoja. Aliona majirani wakichimba, naye akachimba. Aliziloweka usiku mmoja, ndooni. Kuuliza aliona haya, maana nani huenda kwa jirani kutangaza kwamba kwake hakuna unga?

Mwaka ule hata sisi wenyeji hatukuwa nao. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umetuletea mbegu mpya ya mihogo, ya kuuzia kiwanda. Tukang'oa ile ya zamani, iliyoweza kukaa ardhini hata miaka miwili ikitungoja. Mnunuzi alikuja msimu mmoja tu. Mihogo mipya ikakomalia shambani, ikawa kuni.

Arobaini ya mtoto haijafika, akaja mtathmini wa mradi, Laurean, mtu mpole wa maneno machache. Tulikusanyika ofisi ya kijiji. Mume wangu, Jabiri, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, akamtajia eka zilizolimwa na nyumba zilizoezekwa bati. Wenzangu wakaitikia. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ripoti ikiwa nzuri, awamu ya pili italeta kisima.

Laurean akafunga kompyuta yake. "Na ninyi wenyewe," akauliza, "tangu zamani, mnatambuaje kwamba mwaka ni mbaya?"

Watu wakatazama sakafu. Stellamaris alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni.

Nikasimama. "Twende mtoni."

"Mama Ashura, kaa chini," Jabiri akasema, taratibu.

Sikukaa.

Viroba vilikuwa vimejipanga majini toka kwenye kivuko hadi kwenye kona, kila kimoja kimefungwa kamba kwenye mizizi. Nikamwambia Laurean kwamba mwaka wa neema huwezi kukiona hata kimoja.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya hao waliokujibu kwamba wameshiba."

Akanigeukia. "Na chako?"

Nikaivuta kamba, nikamwonyesha kiroba cha nyumba ya mwenyekiti.

Nadhani aliandika alichokiona, kwa sababu magari ya mradi hayakuja tena. Kisima hakikuchimbwa. Mbegu ya zamani haikurudi. Wanawake wakawa wananyamaza nikifika kivukoni. Jabiri hakunifokea, alihamishia mkeka wake barazani, akalala huko mpaka masika.

Njaa ilikuwa bado haijaisha Stellamaris alipopiga hodi uani kwangu. Alikuwa na beseni la ndiga, udongo bado mbichi juu yake. Nilimkaribisha, hakukaa.

"Mama Ashura, nina wengine wawili," akasema. "Nifundishe."

Nikamsogezea kigoda, nikampa kisu, nikachukua changu. Vipande vyake vya kwanza vilikuwa vinene. Nikamwambia akate tena.