Kitambaa Kilichogusa Sakafu

Mtaa mzima ulimwita Mama Tahadhari, na jina hilo hakuliokota njiani. Alikuwa fundi wa cherehani, na hakuna mteja aliyetoka kwake na nguo asitoke na onyo. Anayekuja kutiwa kifungo kimoja tu ataambiwa asiache pasi imewaka akaenda kufungua mlango, asimwachie mtoto ndoo ya maji, asiseme sindano "iko hapo hapo tu," kwa maana sindano ina miguu.

Lakini Jumamosi alasiri cherehani ilifunikwa, vitambaa vikasukumwa pembeni, na chumba cha kushonea kikawa baraza ya chai. Wageni walikuwa wawili, hawapungui. Mmoja ni karani mstaafu aliyeitwa Posta, aliyefanya kazi ya barua hadi akawa anajua siri za watu kwa kutazama bahasha. Wa pili ni msusi, shoga yake wa tangu ujana, jina lake la utani Kikombe cha Tatu. Huyo hajapata kuinuka mezani na viwili tu.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo. Mama Tahadhari alikuwa amemaliza kutarizi kitambaa cha meza, kazi ya miezi mitatu: cheupe, majani ya kijani kote, lesi ukingoni, kikishuka pande zote nne mpaka kugusa sakafu. Leo ndipo kingetandikwa mara ya kwanza.

Asubuhi bintiye, muuguzi, akaja mbio na mtoto wa miezi kumi na moja mgongoni.

"Mama, yaya anaumwa na mimi nina zamu. Ila leo siku yako ya chai. Nimpeleke kwa wifi?"

"Kwa wifi kuna ngazi! Mlete hapa. Nani atamlinda kama mimi?"

"Mama, wewe hadithi ikikolea unasahau hata jina lako. Huyu ameanza kujishika na kusimama. Sijawahi kumwacha na mtu asiye yaya. Nikimkuta na jeraha, simleti tena, nakwambia kweli."

"Hutamkuta na mkwaruzo. Nimekuahidi."

Binti alipoondoka, Mama Tahadhari akaanza kazi. Akapitisha sumaku sakafuni mara tatu kuokota pini zilizodondoka. Mikasi akaipandisha juu ya kabati. Matundu ya umeme akayaziba kwa makaratasi, mlango wa bafu akaufunga kwa ufunguo na ufunguo akautia kifuani. Mtoto akamketisha kwenye mkeka, na vigurudumu vitupu vya uzi vya kuchezea. Kisha, roho yake kwatu, akatandika kile kitambaa, na katikati yake akaweka birika la chai inayochemka.

Wageni wakafika, wakashika vinywa.

"Hii meza au bibi harusi?" akauliza Posta.

"Mahari yake nani ataweza?" akasema msusi, huku mkono umeshafika kwenye keki.

Mama Tahadhari alijaa furaha mpaka masikioni. Wakanywa, wakacheka, Posta akaleta habari ya jirani aliyepaka nyumba rangi ya waridi ili mumewe asikosee mlango. Msusi akamaliza kikombe cha pili, akatazama birika.

"Shoga," akasema Mama Tahadhari, "birika si kisima. Kila Jumamosi mimi nabaki na majani."

"Niache ninywe. Nasimama kutwa nzima nikisuka vichwa vya watu, miguu inaniwaka. Kikombe cha kwanza cha kiu, cha pili cha adabu. Cha tatu ndicho changu."

Akasimama, akalinyanyua birika.

Hapo hapo kitambaa kikaondoka. Mtoto alikuwa amechoka na vigurudumu, akatambaa, akakuta lesi nzuri inaning'inia mbele ya pua yake. Akaishika kwa mikono miwili ajiinue, akakaa kwa kishindo. Vikombe vitupu, sahani, keki, bakuli la sukari na jagi la maziwa baridi, vyote vikaporomoka upande wake.

Mtoto alikuwa amefunikwa gubigubi. Kitambaa kikatikisika, kichwa kikachomoza, nywele zinadondoka maziwa, na ulimi unatafuta sukari kwenye kidevu. Msusi alisimama vile vile, birika juu hewani, mvuke unatoka.

"Sasa kikombe changu kimevunjika," akasema kwa sauti ndogo. "Nimimine wapi?"

Posta akacheka mpaka akakohoa. Mama Tahadhari hakucheka. Akakaa chini kwenye maziwa, akamgusa mjukuu kidole kimoja kimoja. Hakuwa na jeraha. Alitafuta hatari chumba kizima, na hatari ameishona mwenyewe, kwa lesi. Na kilichomwokoa mtoto ni kikombe alichokuwa akimnyima shoga yake.

Akainuka, akashusha mkasi.

"Usikate!" Posta akapiga kelele. "Miezi mitatu hiyo!"

"Kitambaa kina miezi mitatu. Huyu ana kumi na moja."

Akakata pande zote nne, kisibaki hata kidole cha kuning'inia.

Binti alipokuja jioni alimkuta mtoto ameoga, anacheka. Posta akakonyeza kwamba yafunikwe. Mama Tahadhari akayafunua yote, toka lesi hadi birika. Binti akamkagua mwanawe, akaitazama meza, akakaa.

"Ungenificha, Mama, nisingemleta tena. Jumamosi ijayo nina zamu. Nimlete saa ngapi?" Akapangusa macho. "Chai imebaki?"

"Ipo, mwanangu," akasema msusi, "lakini foleni inaanzia kwangu."

Tangu siku hiyo cha tatu humiminwa bila kuombwa. Na kila Jumamosi, kabla ya kupanga vikombe, Mama Tahadhari hupiga magoti kando ya meza na kuitazama kwa urefu wa mtoto: nini kinaning'inia, nini kinafikika. Fanya hivyo nawe kabla hujamwita mtu chai. Wageni humkuta chini vile vile, kichwa kimeinama.

"Amina," husema msusi, akivuta kiti.