Abiria Aliyebaki Manzese

Manzese walimwita Kapteni, naye hakuwakataza, ingawa Valerian hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Alichofanya maisha yake ni kusimama kwenye mlango wa ukaguzi uwanja wa ndege, kuwaambia watu vua mkanda, toa funguo, rudi, pita tena. Alipostaafu akarudi chumbani kwake, mgane asiye na mtoto wa karibu, akadhani kazi imekwisha. Kazi ikamfuata. Mtu akiwa na safari ya ndege na hajawahi kupanda, majirani humwambia: nenda kwa Kapteni akufanyishe mazoezi.

Mazoezi yalikuwa uani kwake. Benchi refu ndiyo mashine. Mabeseni ya kufulia ndiyo trei. Pembeni alisimamisha fremu ya mlango isiyo na mlango, ameibana na matofali, na hiyo ndiyo ile inayolia ukipita na chuma. Unaweka vitu vyako kwenye beseni, Valerian analisukuma juu ya benchi taratibu, wewe unapita kwenye fremu mikono mitupu. Ukisahau sarafu mfukoni, Valerian analia mwenyewe kwa mdomo: piii! Watu wanacheka, na mtu akishacheka hofu inapungua. Hiyo ndiyo siri yote.

Basi asubuhi moja wakaja watu wa nyumba ya tatu. Mauwa, mama mtu mzima aliyetoka Mtwara kumuuguza mwanawe. Binti yake Lulu. Na mjukuu, Raudha, aliyevaa viatu vya kuwakawaka. Mwana mwenyewe, Mashaka, fundi wa mageti, homa ilikuwa imemchukua na wamemzika hukuhuku Dar. Arobaini ilikuwa isomwe kwao Mtwara, na mvua zilikuwa zimekata barabara ya kusini, mabasi yamelala. Wajomba wakachanga nauli ya ndege.

"Shikamoo Kapteni," Lulu alisema. "Tumekuletea wanafunzi. Mama hajalala tangu tiketi itumwe."

"Marahaba. Mama Mashaka, pole tena. Hapa hakuna cha kuogopa, hata benchi langu halijawahi kung'ata mtu."

Raudha akatangulia. Akavua viatu bila kuambiwa, akapita, akarudi, akapita tena, maana kwake ulikuwa mchezo. Lulu akapita, akaliliwa piii kwa sababu ya bangili, akavua. Ilipofika zamu ya Mauwa, alitoa mkoba, akatoa simu, akatoa ndala. Kifuani alibakiza kifurushi cha kitambaa cheupe, kiasi cha embe.

"Na hicho, mama."

"Hiki hakiwekwi."

"Kila kitu kinawekwa. Hata mtoto mchanga hutolewa mgongoni."

Mauwa akamtazama Lulu. Lulu akakohoa kidogo, akaeleza. Kwao, mtu akifa ugenini akazikwa ugenini, mwenyewe habaki kule. Huchukuliwa udongo wa kaburini, naye anakuja nao. Anayembeba haachi mkono mpaka nyumbani, na njiani humwambia: tunavuka mto, tunapanda gari, tunaingia mjini. Ukichoka unaweza kumpa mwenzako, lakini mfu hakabidhiwi kimyakimya kama gunia. Anayempokea husema kwa sauti, nimempokea fulani. Ukimtua tu mahali, anashuka. Anadhani amefika.

"Sasa pale kwenye mashine," Mauwa alisema, akikikumbatia kifurushi, "nikimuweka akashuka pale? Kwenye watu wote wale? Mwanangu atamjua nani pale?"

Valerian alikuwa Mkatoliki wa bara, mambo haya hayakuwa yake. Lakini alishaona watu wakilia mlangoni kwa ajili ya chupa ya samli, na alijua hofu haibishaniwi. Akafikiri, akapata njia. Lulu atangulie kupita. Asimame upande wa pili, pale trei inapotokea. Mama aseme jina huku, aachie. Lulu apokee kule, aseme maneno yake. Kati ya mkono na mkono itakuwa ni pumzi moja tu.

"Inawezekana," Lulu alisema. "Mama, si inawezekana?"

"Tujaribu kwanza," Valerian alisema. "Mie leo ndiye mashine na ndiye Lulu." Akanyoosha mikono juu ya benchi. Mauwa akasita, akasita tena, mwishowe akakiweka kifurushi viganjani mwake. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. "Nimempokea Mashaka," Valerian akasema, kwa ile sauti ya mazoezi, na Mauwa akapita kwenye fremu kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Hapo ndipo Raudha akauliza: "Babu, ile mashine inaona mpaka ugali niliokula?"

"Inaona mpaka ule ulioiba."

Mtoto akajifunika tumbo kwa mikono miwili. Lulu akaangua kicheko, Mauwa naye kikamponyoka, cha kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akashika fremu ikayumba. Valerian alikuwa ameshakiweka kifurushi kwenye benchi ili aishike fremu isiwaangukie. Mauwa akafuta macho, akajitwalia kifurushi chake, wakashukuru, wakaenda.

Siku ya safari aliwasindikiza mpaka mlango wa kwanza, pale wasio na tiketi wanapoishia. Mchana Lulu akapiga simu kutoka Mtwara, anapiga kelele za furaha. Mambo yameenda kama walivyofundishwa. Mkaguzi alifungua kitambaa, akauliza ni nini, mama akajibu ni mwanangu, yule kijana akakifunga polepole akampa mkono wa pole. Mama alisema jina upande huu, Lulu akapokea upande ule. "Kapteni, wewe ni noma!"

Valerian akalala kitandani mchana ule, ameridhika. Alikuwa anapitiwa na usingizi aliposikia dirishani: ting.

Kama ukucha juu ya chuma. Akafungua jicho. Nondo za dirisha zilikuwa pale, pazia limetulia. Akasema ni mjusi.

Kesho yake alisikia kwenye mlango wa geti la uani. Ting. Akatoka, hakuna mtu. Keshokutwa alikuwa anaosha sahani akasikia harufu ya chuma kilichounguzwa, ile ya karakana zote za barabarani pale, lakini ilikuwa ndani, na dirisha limefungwa. Alipokwenda kukaa kwenye benchi akakuta ncha moja ina joto, na kivuli kilikuwa kimelifunika benchi lote tangu asubuhi. Akahamia ncha ya pili. Akakaa pale mikono magotini, hatazami pembeni, kama mtu aliyekaa na mgeni asiyemjua katika chumba cha daktari.

"Nani?" aliuliza mwishowe, akajionea aibu.

Ikawa hivyo siku nyingi. Alifungua milango yote akasema kama kuna mtu na aende, hakwenda mtu. Aliacha kuwafundisha watu. Akiwaona wanakuja anasema anaumwa. Na liko jambo lililomtisha kuliko ukucha. Jioni moja alipakua ugali, akajikuta ameweka sahani mbili.

Siku hiyohiyo Mauwa akapiga simu mwenyewe. Hakuuliza habari ya afya.

"Kaka Valerian. Mwanangu hajafika."

"Vipi hajafika, na Lulu alisema..."

"Udongo umefika. Tumeufukia kando ya babu yake. Lakini aliyefika huja kuamkia. Mie sijamuota, shangazi yake hajamuota, hata mtoto. Kuko kimya. Nimeirudisha safari yote kichwani, hatua kwa hatua, nione alipodondoka. Pale uwanjani hakudondoka. Sasa nakuuliza wewe. Siku ile uani kwako nilikupa, ukasema umempokea. Halafu?"

Valerian akaliona benchi kwa macho ya ndani, na kifurushi juu yake.

"Halafu tukacheka," alisema.

"Halafu nikakichukua. Nimekichukua mwenyewe kwenye benchi. Wewe hukunirudishia, wala mie sikusema nimempokea. Yallah! Nimebeba kitambaa na mchanga kutoka Dar mpaka Mtwara, nazungumza na mchanga njia nzima." Akavuta pumzi. "Mashaka alikuwaga na mchezo mmoja. Hapiti geti bila kuligonga kwa ukucha, asikie kama limeungwa sawasawa. Umesikia kitu?"

Dirishani, ting.

Mlio ukaingia simuni, na yule mama kule akaelewa. Akaanza kulia kidogokidogo, lakini maneno yakaendelea kutoka. Arobaini ni Ijumaa. Ikisomwa naye yuko Manzese, basi ni wa Manzese, atabaki kwa aliyempokea, azeeke naye, na huyo akifa abaki kwenye kuta. "Mie siwezi kuja kumchukua. Uliyepokea ndiye unayekabidhi. Njoo naye, kaka yangu. Tiketi tutakutumia."

"Mama Mashaka, mie..." Alitaka kusema hajawahi kupanda. Jina la Kapteni likamzuia. "Mie nitakuja."

Alhamisi asubuhi alifunga mlango, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ya chini majirani wasisikie: "Mashaka, tunatoka." Geti likasema ting, akajua wako pamoja. Kwenye bajaji alimwambia, tunapanda, sogea. Dereva akageuka. "Unaongea na mie, mzee?" "Hapana. Endesha."

Pale ukaguzi hawakubaki watu wa zamani zake, wote ni vijana. Aliwapisha watu wawili waliokuwa nyuma yake watangulie. Mabeseni ya kweli yalikwenda kwa kasi, na mlango wa kweli haukuwa unayumba. Binti mmoja mwenye sare akamwona.

"Shikamoo babu. Mara ya kwanza?"

"Marahaba. Mara ya kwanza."

"Usiogope. Vua mkanda uweke hapa. Funguo. Simu. Una kingine?"

Mikono ilikuwa mitupu. Hakuwa na kifurushi cha kuweka wala cha kufungua, na upande wa pili hakukuwa na Lulu wa kupokea. Akafikiri jinsi atakavyomvusha mtu huyu, nyuma foleni inaguna, mtu mmoja anasema babu ameganda. Akaona hamwachii kwenye mkanda wa mashine wala sekunde moja.

"Mashaka," alisema, sasa hakujali nani anasikia, "hapa tunapita mlango. Shika shati langu."

Binti alitazama nyuma yake, pale palipokuwa wazi. Hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, akawapa nafasi, zaidi ya ile anayopewa mtu mmoja.

Valerian akapita, suruali ameishika kwa mkono. Mlango haukulia. Lakini shati lilikuwa limevutika mgongoni, limekaza shingoni, na likabaki limekaza hivyo mpaka ndege ilipotua Mtwara. Njia nzima alikuwa akisimulia: tunaruka, haya ni mawingu, ule chini ni mto, mto mkubwa, usitazame. Jirani yake wa kiti aliomba kuhamishwa.

Nje ya uwanja Mauwa alikuwa amesimama mbele ya madereva wa teksi, Lulu na Raudha nyuma yake, mikono ameikunjua kama anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga. Hawakuamkiana. Valerian alinyoosha yake, mitupu, akaiweka juu ya mikono ya mama yule.

"Mashaka huyu. Nakukabidhi."

"Nimempokea Mashaka," Mauwa alisema. Akasema tena, kwa nguvu, mpaka madereva wakanyamaza. Mikono yake ikashuka kidogo, kama iliyotwishwa.

Shati likalegea. Upepo ukaingia mgongoni mwa Valerian, wa baridi, na ghafla akajiona mzee, na peke yake, kuliko alivyokuwa asubuhi.

Mauwa alikuwa ameshageuka, anakwenda garini, anasema: "Tunapanda gari, mwanangu. Kaa dirishani, upaone nyumbani." Akaingia nyuma, Raudha akamfuata. Valerian akaja taratibu na mkoba wake, akafungua mlango wa upande wa pili, akakuta nafasi nzuri dirishani, akainama aingie.

"Kapteni!" Lulu alimshika mkono. "Siyo hapo. Wewe kaa mbele."