Viatu vya Waombaji

Mimi ni mshona viatu, na macho yangu hayana adabu: mtu akinisalimia, natazama miguu kwanza. Kibanda changu kiko ubavuni mwa ukumbi. Jumamosi ile viongozi wa dini zote walipokuja kuombea amani, mlinzi wa ukumbi alinipa kazi ya kukaa na viatu vyao. Kapeti lilikuwa jipya, na yeye alikuwa ameapa halitakanyagwa na kiatu, hata kiwe cha malaika.

Nilivipiga rangi vyote, nikavipanga kwa ukubwa kama nilivyozoea, sikio likiwa ndani. Shehe aliomba, mchungaji akaitikia amina. Mchungaji akaomba, shehe naye akaitikia amina. Hasira zikanipanda. Hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja, na tangu mdogo abadili dini, mwaka wa tisa huu, hawajapeana hata salamu. Kweli mganga hajigangi! Mama yao amewagawia siku: Ijumaa ya shehe, Jumapili ya mchungaji. Juzi aliniletea kandambili zake, akaniambia, "Fundi, nimezaa wawili, lakini kila siku nakula na mmoja. Nitakufa sijawaona pamoja."

Maombi yalipokwisha walipigwa picha, kila mmoja akitazama kwake, wakatumbukiza miguu kwenye viatu, wakaenda zao.

Kesho yake mchana shehe akapita kibandani.

"Fundi, kazi nzuri. Vinang'aa kama vipya."

Nikainama kujisifu, nikaona uzi wa kahawia kwenye kisigino cha kushoto. Uzi mweusi uliniishia siku niliyokuwa nashona kiatu cha mchungaji.

"Shehe, hivi si vyako."

"Acha utani wako. Mbona vimenikaa?"

"Vimekukaa, ndiyo. Ila ni vya mdogo wako."

Alivua kimoja, akakigeuza. Soli ilikuwa imeliwa upande wa nje, kama anavyozila zake. Akapitisha kidole pale palipoliwa, nami nikaujutia mdomo wangu.

"Tangu jana natembea navyo," akasema, "na sikuhisi chochote."

"Niachie mimi. Mchungaji hupita hapa Jumatatu, nitawabadilishia."

"Hapana." Akakivaa tena. "Leo Jumapili. Najua alipo."

Sasa niambie, fundi gani angebaki kibandani? Nilifunga, nikamfuata kwa mbali, nikijifanya nina safari zangu.

Mama yao alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Pembeni yake kulikuwa na jozi moja ya viatu, na hata kutoka ng'ambo ya barabara niliijua: ya shehe. Alipomwona mwanawe mkubwa, mikono yake ikasimama.

"Mwanangu, leo si siku yako."

"Najua, mama. Nimemletea mwenzangu viatu vyake."

Ndani kijiko kiligonga sahani. Mama hakugeuka. Alijisogeza tu kumpisha.

"Vua uingie. Chakula kinapoa."

Shehe akavua, akainamisha kichwa, akaingia. Nilitazamia kumwona mama akilia. Lakini yeye aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaokota jozi zote mbili, akaingia nazo ndani, akatia komeo.