Kipande cha Kumi na Mbili

…tisini na saba, bado ni asilimia tisini na saba, na bibi ameshauliza mara tatu kama imefika, imefika wapi mama, hili siyo basi la Mwanza, lakini nimemjibu bado kidogo, kwa adabu, maana mimi ni mkwe mwenye adabu, kaulize Bariadi nzima, Jenifer wa steshenari hana neno na mtu… kifaa kinakwaruza, kinatulia, kinarudi nyuma, kinasoma polepole kama nilivyokiamuru, sidii iliyoning'inia shambani miezi miwili huiendeshi mbio, unaibembeleza, nimeiosha kwa sabuni, nimeipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, ile kamba ya katani nimeikata kwa wembe na bibi akaiokota, akaifunga kwenye pindo la kitenge, kamba tu, mwanamke mzima anatunza kamba… huko Ngulyati mpunga ukianza kutia maziwa kila nyumba inatundika sidii zake kuukuu ziwamulike ndege kwelea wakimbie, na huyu mama mkwe wangu Nyanjige, kusoma hajui, akavuta boksi chini ya kitanda akachomoa kumi, tisa za kwaya na moja ya harusi ya Felisita, mke wa kwanza wa Salu wangu, marehemu Felisita, mtakatifu Felisita… mimi niliiona. Kila Jumamosi nikienda kupalilia niliiona inazunguka kwenye mti wake, FELISITA NA SALU 2014 kwa kalamu nyeusi, ningesema tu, mama, toa ile, maneno matatu, nikainama nikang'oa magugu, jua likaila mpaka maandishi yakapauka na mimi nikasema moyoni kula, kula vizuri.

Bibi anasema kitu tena pale kwenye benchi, anasema hata sauti tu, Jumapili Precious anapokea komunyo ya kwanza, ukoo wote unakuja, Salu ameshaazima spika, mtoto asikie sauti ya mama yake… mama yake, sawa, na mimi niliyempokea ana miezi minne nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe na kijiko, mimi sauti sina. Miaka minane. Wimbo wa bibi ni ule ule, ugali wa Felisita ulikuwa laini, Felisita akisalimia magoti yanagusa chini, Felisita hakuwahi kunijibu, na siku nimemzaa Mboje bibi alikuja wodini akamfunua mtoto, akasema Felisita angezaa mwenye pua, mbele ya manesi, akaondoka na chupa yake ya chai bila kunimiminia hata kikombe. Mama Mboje haniiti mpaka leo. Ananiita wewe… kwa hiyo nilikuwa nimepanga. Nafuta yote yaliyosomeka, navaa uso wa msiba, nasema pole mama, jua limeiua, na wewe ndiye uliyeitundika. Hilo la mwisho ningelisema taratibu ili liingie. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kweli kabisa, kilikuwa juu ya kitufe.

Halafu nikahesabu vipande. Kumi na viwili. Kwenye deki miaka yote tumeangalia kumi na kimoja, kanisani, keki, dume jeupe la ng'ombe alilotoa bibi, bibi anacheza, shukrani, basi, mwisho… cha kumi na mbili hakipo kwenye menyu, Maige mpiga picha kwa uvivu wake alikiacha humo humo, deki haikionyeshi, ukinakili kama wanavyonakili hapo jirani hukipati, lakini kwenye semina ya parokia ya kuhifadhi kanda za kwaya tulifundishwa kuichukua sidii nzima, chembe kwa chembe, hata pasipoonekana kitu, ukimaliza unalinganisha nakala na yenyewe mpaka zilingane… dakika mbili na sekunde arobaini. Mwanzo wake umesomeka, nimeufungua bila sauti, ni meza kuu, mimi msimamizi wa Felisita nimekaa kushoto kwake na gauni la kijani, kinasa sauti bado kimebanwa kifuani kwake, kamera ya Maige bado inarekodi na sisi tunadhani imezimwa, kule mbele bibi anacheza peke yake, kilemba kimelegea, na Felisita ananiinamia sikioni, hapo picha inaganda. Sihitaji picha. Nakumbuka neno kwa neno. "Muangalie, ananuka zizi mpaka kwenye kilemba. Mwache acheze leo, Salu ameniahidi, tukihamia mjini huyu hakanyagi kwangu, hata nikifa asinizike."

Hata nikifa, na ni yeye Nyanjige aliyemwosha, akamvalisha, akalala juu ya ule udongo siku tatu mpaka wanaume wakamnyanyua… kidole nimekitoa. Nimepunguza mwendo tena, irudie sehemu iliyobaki mara mia, mara mia mbili, isome kwa kurudi nyuma, sitaki ipungue hata chembe, nitaitoa nakala tatu, moja ya Salu, moja ya kanisa, moja nimwekee bibi kwenye flash aivae shingoni, na Jumapili baada ya pilau nitakaa nyuma kabisa niangalie mgongo wake spika zikisema… na Precious? Precious atakuwa amekaa mapajani kwake na gauni jeupe, atasikia sauti ya mama yake ikisema hivyo. Nisubiri. Hapana. Ana masikio, asikie, mbona mimi nilisikia… na baada ya yale maneno kuna kicheko, si cha Felisita, ni changu, nilicheka mpaka nikafunika mdomo kwa leso yake ya harusi, nacho kimo humo, ukoo wote utakijua, Salu atakijua. Nacho kitoke.

Bibi amesimama, amekuja mpaka kaunta, ananukia, kweli ananukia zizi, ameweka mkono wake mgumu juu ya wangu, haijawahi kutokea, na anasema, "Asante, mwanangu." Mwanangu. Miaka minane na anachagua leo… kifaa kinakwaruza, kinatulia, tisini na saba.

"Kaa, mama," namwambia. "Nakutolea yote."