Mtungi Mmoja Kutoka Tangi la Pili

Sasa wewe niambie, mtu aliyezaliwa Matinyani, huku kwenye ukame, atamwagaje maji? Kaluki alianza kupanga foleni kisimani akiwa na kimo cha mtungi, na leo anaambiwa amwage tangi zima, lita mia tano, maji yaliyochujwa na kutiwa dawa siku mbili. Mkono uligoma.

"Yote," Shire alimwambia Jumatatu ile. "Usibakishe hata kikombe. Halafu uoshe tangi kwa klorini."

Shire alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa. Ukame ulimmalizia mifugo, na kisima alichochimba hapa kikatoa maji ya chumvi ambayo hata punda waliyasusa. Mwingine angelia. Yeye alienda Pwani kujifunza kufuga kamba wa baharini, akarudi, akajenga nyumba ya matangi na kumwandika Kaluki alee mwani, ule mdogo mno usioonekana kwa macho, unaogeuza maji kuwa ya kijani. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: maji yawe kijani. Vifaranga wa kamba wakitoka kwenye yai hukaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu wasipopata mwani, kwisha.

Kundi la kwanza lilikuwa limekufa. Hili la pili, vifaranga laki tano, lilipatikana kwa sababu Ebla, mkewe Shire, alifunga duka lake huko Garissa ili pesa zipatikane. Hakukuwa na kingine cha kufunga.

Basi tangi la pili la mwani likapauka na kuanza kutoa povu. Shire akasema vijidudu vimeingia, vinakula mwani. Lakini Kaluki aliona maji bado yana ukijani wake, na tangi la tatu, lile pekee lililobaki zuri, lilikuwa limepungua shubiri mbili kwa joto. Jamani, shubiri mbili! Akakinga mtungi mmoja, akaumimina kwenye tangi la tatu, kisha akamwaga yaliyobaki.

"Umemwaga?" Shire akauliza.

"Yote, Mzee."

Jumanne tangi la tatu lilikuwa kijani kama majani ya kunde, na Kaluki akajipongeza kimoyomoyo. Jumatano asubuhi harufu ilimkuta mlangoni kabla hajavua viatu. Tangi la tatu lilikuwa na ukanda wa povu pembeni, na maji yake yalifanana na yale ya kuoshea mchele. Hii ndiyo ilikuwa siku ya tatu ya vifaranga.

"Kaluki! Leo nimekusaidia kazi," Shire akaita kutoka chumba cha vifaranga, sauti yake ikiwa na furaha. "Nimewalisha alfajiri, kutoka tangi la tatu. Umeme ulikuwa umepotea, nimechota gizani, lakini si najua mwani wako! Njoo uangalie, macho yangu yamechoka."

Ngai! Mungu wangu! Kaluki akaenda. Shire alikuwa ameshika simu, Ebla yuko hewani anangoja.

Kifaranga aliyeshiba huburuta uzi mrefu wa kinyesi nyuma yake. Kaluki aliinama kwenye hadubini akautafuta uzi huo. Wa kwanza hana. Wa pili hana. Akachota maji mengine, akaangalia kumi, akaangalia ishirini. Matumbo yao yalikuwa meupe kabisa, na katikati yao vijidudu vilikuwa vinazunguka, vimenona. Kulea mwani mpya kungechukua siku nne, na vifaranga hawa hawakuwa hata na mbili.

"Vipi?" Shire akauliza. Hakungoja jibu. Akamsukumia simu huku akicheka. "Haya, mwambie Ebla mwenyewe. Mimi haniamini, anakuamini wewe."

"Kaluki dada yangu," Ebla akasema, "wamekula?"

Angeweza kusema bado. Angeweza kusingizia joto, au chumvi, au umeme, na nani angebisha? Aliogopa sana, na aliona aibu.

"Sikumwaga yote, mama," akasema. "Maji ya tangi la pili. Niliyahurumia, nikatia mtungi mmoja kwenye la tatu."

"Hukumwaga nini? Kaluki? Nauliza, wamekula?"

Shire alikuwa ameshaelewa. Alijishikilia ukutani, akashuka polepole mpaka akaketi sakafuni kwenye maji, akamnyooshea Kaluki mkono.

"Nipe simu," akasema. "Usimwambie wewe. Nipe mimi nimwambie."